Nyumba ya Pauni Kumi: Habari za Nyumba ya Kale ya Alfriston na Kijiji Chake

Mtu akisikia ya kuwa nyumba fulani yauzwa, huuliza mambo matatu: iko wapi, ina vyumba vingapi, na bei yake kiasi gani. Maswali hayo ni ya haki, wala hapana ubaya kuyauliza. Lakini liko swali la nne, nalo wachache hulikumbuka: ni nani aliyekaa humo, na siku atakapotoka, ni kitu gani kitakachotoka pamoja naye?

Katika makala haya twataka kusimulia habari za nyumba moja ya shamba iliyouzwa huko Uingereza mwaka 1896 kwa bei ya pauni kumi. Ilikuwa nyumba ndogo, kuukuu, yenye paa la mabua lililooza. Lakini kununuliwa kwake kulianzisha jambo ambalo halikuwako katika nchi ile. Na katika habari zake yamo mafundisho kwa kila mtu aliyepewa kazi ya kukaa kati ya watu wa kijiji, kuwafunza na kujifunza kwao.

MAHALI PENYEWE

Nchi ya Sussex iko kusini ya Uingereza, kando ya bahari iitengayo nchi hiyo na Ufaransa. Karibu na pwani pana safu ya vilima vya chaki, vilivyo laini kama mgongo wa ng'ombe aliyelala, navyo vyaitwa South Downs. Mtu aliyejifunza Kiingereza kidogo hushangaa kwa jina hilo, maana yeye amefundishwa ya kuwa down ni chini. Imekuwaje basi vilima kuitwa chini? Lakini jina latoka katika neno la kale, dun, maana yake kilima. Na ile down ya pili, iliyo na maana ya chini, ilizaliwa na hiyo hiyo ya kwanza, kwa kuwa watu wa kale walikuwa wakisema "kutoka kilimani", na kwa kupita miaka maneno yakafupishwa hata likabaki neno moja. Basi neno la juu ndilo lililolizaa neno la chini. Twaona hapa jinsi majina ya mahali yanavyoweza kuhifadhi maana iliyokwisha kupotea vinywani mwa watu.

Kati ya vilima hivyo hupita mto mdogo uitwao Cuckmere, nao waenda ukijipindapinda hata ufike baharini. Kando ya mto huo kipo kijiji cha Alfriston. Kina njia kuu moja nyembamba. Kina nyumba za wageni za kale, mojawapo yaitwa Star, ambayo ni ya karne ya 15. Na nyuma ya nyumba kipo kiwanja cha majani, mali ya watu wote, kiitwacho Tye. Katika kiwanja hicho, juu ya kilima kidogo, limesimama kanisa la Mtakatifu Andrea, lililojengwa katika karne ya 14 kwa mawe ya gumegume, nalo lina umbo la msalaba. Kwa kuwa ni kubwa kuliko lilivyotazamiwa kijijini, watu wamezoea kuliita Kanisa Kuu la Vilima. Na hapo karibu na kanisa, kando ya mto, ndipo ilipo nyumba tunayotaka kuisimulia. Yaitwa Clergy House, yaani Nyumba ya Makasisi.

JINSI ILIVYOJENGWA

Nyumba hii ina umri wa miaka mia sita na zaidi. Ilijengwa katika siku zile baada ya tauni kubwa ya mwaka 1348 na 1349, ambayo iliua watu wengi mno katika Ulaya. Tauni ile ilileta msiba, lakini pia iligeuza hali ya waliosalia. Kwa maana wafanya kazi walipungua, na ujira wao ukaongezeka, na wakulima wengine walipata mashamba makubwa kuliko ya baba zao. Ndipo katika Sussex na Kent wakulima wenye mali kidogo walipoanza kujijengea nyumba imara, na kwa ufundi wake nyumba hii ni ya jamii hiyo.

Msomaji wa pwani hatasumbuka kuuelewa ujenzi wake, maana kwa sehemu kubwa ni ujenzi anaoufahamu. Kwanza husimamishwa nguzo. Juu ya nguzo hulazwa mti mrefu, ndio sisi tuuitao mtambaapanya. Kisha huja makombamoyo, na juu yake pao, na juu ya hizo huezekwa. Ila wao hawana makuti, huezeka kwa mabua ya ngano au kwa matete. Nafasi kati ya nguzo na nguzo husukwa fito, na kukandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi, na juu yake hupakwa chokaa. Tofauti iko katika mti. Wao hutumia mwaloni, nao huukata na kuuchonga ukiwa ungali mbichi, maana ukikauka huwa mgumu hata shoka huruka. Viungo hushikamanishwa kwa vigingi vya mti, pasipo misumari ya chuma. Na mwaloni ukaukapo hujikaza, viungo vikashikana zaidi kwa kadiri miaka ipitavyo. Mafundi walikuwa wakiiunga nyumba kwanza chini, katika kiwanja chao, na kutia alama kila kiungo. Kisha wakaibomoa, wakaichukua mpaka mahali pake, wakaisimamisha kwa kuzifuata alama.

Katikati ya nyumba pana ukumbi mmoja mrefu wa kwenda juu, usio na dari, hata mtu akisimama ndani huona mpaka kilele cha paa. Katika nyumba za namna hii moto ulikokwa katikati ya sakafu, wala hapakuwa na bomba la moshi. Moshi ulipanda, ukajitafutia njia katika paa. Mtu wa siku hizi husema, "Watu hawa waliteseka kwa moshi." Huenda waliteseka, lakini bibi zetu waliotundika mahindi juu ya uchaga wajua faida ya moshi, ya kuwa hufukuza wadudu na kuhifadhi chakula. Pande mbili za ukumbi huo pana vyumba vya ghorofa: upande mmoja vya kuwekea vyakula na vinywaji, na upande wa pili vya mwenye nyumba na mkewe. Basi chini ya paa moja walikaa bwana na watumishi wake, wakala mbele ya moto mmoja.

Sakafu ya ukumbi ndiyo inayowastaajabisha wageni zaidi. Hawakuweka mbao wala mawe. Walichukua chaki ya vilima vyao, wakaiponda, wakaishindilia chini, kisha wakaimwagia maziwa yaliyochacha ili ishikamane na kupata uso laini. Mambo haya husimuliwa kama muujiza. Lakini mwanamke aliyezoea kusiriba sakafu yake kwa udongo na mavi ya ng'ombe hatastaajabu hata kidogo. Atasema tu ya kuwa kila nchi hutumia kile ilicho nacho.

MAISHA YA KIJIJI

Nyumba haisimami peke yake. Iliyokuwa ikiilisha nyumba hii ni kondoo na ngano, na mambo hayo mawili yalikwenda pamoja. Vilima vya chaki vina udongo mwembamba. Ngano haistawi humo pasipo mbolea. Basi mchana mchungaji aliwapeleka kondoo kulisha vilimani, na jioni akawateremsha na kuwafungia katika vitalu vya fito shambani, ili usiku kucha watie mbolea mahali patakapolimwa. Kesho yake vitalu vilisogezwa hatua chache. Hivyo kilima kililisha bonde kwa miguu ya kondoo, na mtu wa kati, aliyeyaunganisha yote, alikuwa mchungaji. Katika Glynde, isiyo mbali na Alfriston, alikaa mkulima aitwaye John Ellman (1753–1832), ambaye kwa kuchagua mbegu kwa uangalifu aliwafanya kondoo wa vilima hivyo, waitwao Southdown, kuwa na sifa hata ng'ambo ya bahari. Na kulima kwenyewe, mahali pengi pa vilima hivyo, kulifanywa kwa maksai mpaka mwanzo wa karne ya 20.

Mchungaji alikuwa na heshima yake na ukiwa wake. Fimbo yake yenye ndoana ya chuma ilifuliwa na wahunzi wa kijiji cha Pyecombe, waliosifiwa kwa kazi hiyo. Alipowahesabu kondoo, aliwahesabu wawili wawili, kwa maneno ya hesabu yasiyotumiwa kwa kitu kingine cho chote. Na ilipotimia ishirini, alikata alama katika kijiti. Na kwa kuwa kondoo hawajui Jumapili, mchungaji mara nyingi alikosa kuonekana kanisani. Kwa hiyo ilikuwako desturi katika vilima hivyo: mchungaji akifa, walimtilia sufu kidogo katika jeneza, ili Siku ya Hukumu ijulikane alikuwa mtu wa kazi gani, naye asihesabiwe kosa la kuikosa ibada. Makasisi wasomao habari hii watacheka kidogo, kisha labda watanyamaza. Maana desturi hii haikutoka kwa watu wanaoidharau ibada. Ilitoka kwa watu walioona haya kwa kuikosa, wakatafuta udhuru ulio wa kweli.

Wala tusiwafanye watu hawa kuwa malaika. Kijiji kilikuwa karibu na bahari, na ushuru wa chai na pombe kali ulikuwa mkubwa. Kwa hiyo katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19 watu wengi wa pwani ile, na wa Alfriston pia, walikula magendo. Usiku mashua zilikuja kutoka Ufaransa, na mchana watu hawakuona neno, hawakusikia neno.

KASISI ALIYEKUSANYA MANENO

Si mbali na Alfriston kipo kijiji kiitwacho Selmeston. Kasisi William Douglas Parish alipewa mtaa huo mwaka 1863, akakaa humo mpaka kufa kwake mwaka 1904. Hakutafuta makuu. Lakini alikuwa na sikio. Aliwasikiliza watu wa shamba wakisema, na maneno ambayo wasomi waliyahesabu kuwa ni Kiingereza kibovu yeye aliyaandika; na mwaka 1875 alipiga chapa kamusi ya lugha ya watu wa Sussex.

Katika kamusi hiyo twaona lugha ikiwa mali ya mahali. Njia nyembamba ipitayo kati ya kuta mbili au nyua mbili huitwa twitten, na jina hilo lingali likitumika huko hata leo. Lakini mahali palipo na utajiri zaidi ni katika habari za matope. Nchi ya chini ya vilima ni ya udongo mzito, na wakati wa baridi njia zake zilikuwa hazipitiki. Kwa hiyo watu wa huko hawakutosheka na neno moja. Tope zito huitwa slub; tope jeusi la vitu vilivyooza, gubber; tope la mtoni litumiwalo kwa mbolea, sleech; na kukanyagakanyaga ardhi mpaka iwe tope, kama wafanyavyo ng'ombe mlangoni pa zizi, huitwa stoach. Yako na mengine mengi. Mgeni aweza kucheka, akisema, "Tope ni tope." Lakini mtu anayepaswa kuvusha mkokoteni wake jioni ajua ya kuwa tope si tope tu, na mwenziwe akimwambia neno moja lililo sawasawa amemwokolea gurudumu. Nasi pia tunayo matope, na kinamasi, na utelezi, wala hatumwiti mtu mpumbavu kwa kuyatofautisha.

Kazi ya namna hii haikuwa ngeni kwa makasisi wa mashamba wa Uingereza. Edward Steere, ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamjua kwa kitabu chake cha kufundisha lugha hii, kilichotoka mwaka 1870, alikuwa kasisi wa Little Steeping, mtaa mdogo katika nchi ya Lincolnshire, kabla ya kufika Unguja mwaka 1864. Yeye na Parish walifanya kazi iliyo moja kwa asili: kukaa kijijini, kusikiliza, na kuandika kabla ya kusahihisha.

JINSI NYUMBA ILIVYOUZWA

Sasa turudi kwenye nyumba. Kwa muda mrefu ilikuwa mali ya Kanisa, ndiyo maana ya jina lake. Lakini nyakati ziligeuka, na makasisi hawakutaka tena kukaa katika nyumba ya moshi na sakafu ya chaki. Nyumba ikagawanywa kuwa makao mawili, wakapangishwa wafanya kazi wa mashamba. Katika karne ya 19 hali ya watu hao ilikuwa duni. Tangu miaka ya 1870 na baadaye, ngano ya bei ndogo ilikuja kwa meli kutoka Marekani, na wakulima wa Uingereza wakashindwa. Vijana wakahama kwenda mijini. Tayari hesabu ya watu ya mwaka 1851 ilikuwa imeonyesha ya kuwa katika Uingereza na Wales waliokaa mijini walikuwa wengi kuliko waliokaa mashamba. Nyumba isiyoingiza kodi ya maana haitengenezwi, na nyumba isiyotengenezwa huanguka. Paa lilivuja, mvua ikaingia katika udongo wa kuta, na mwaloni wenyewe, ambao hauogopi kitu kama uogopavyo maji yasiyokauka, ukaanza kuoza.

Mwaka 1885 ruhusa ilitolewa nyumba ibomolewe. Hapakuwa na uovu katika ruhusa hiyo. Ilikuwa nyumba mbovu, wenyewe hawakuwa na fedha ya kuitengeneza, na kijiji kilikuwa na nyumba nyingine. Mtu ye yote mwenye busara ya kawaida angeitia sahihi karatasi ile.

Lakini humo alikaa bibi mmoja mzee, mpangaji maskini. Alipopata habari aliomba jambo moja: aachwe humo mpaka siku zake ziishe. Hakusema ya kuwa nyumba ni ya ajabu, wala ya kuwa ufundi wake ni wa zamani. Aliomba tu kufa nyumbani. Wakamkubalia. Akaishi humo mpaka mwaka 1888, akafa. Na katika miaka hiyo mitatu nyumba haikuguswa.

Baada ya hayo kijiji kilipata kasisi mpya, F. W. Beynon. Yeye alipoitazama nyumba aliona neno ambalo wengine hawakuliona, akaanza kuandika barua. Alikiandikia chama cha kulinda majengo ya kale, kilichoanzishwa mwaka 1877 na William Morris. Alitafuta fedha kwa watu. Na fedha hazikutosha. Ndipo lilipotokea jambo jipya. Tarehe 12 Januari 1895 watu watatu walianzisha chama kiitwacho National Trust, yaani Amana ya Taifa. Nao ni Octavia Hill, mwanamke aliyefanya kazi miaka mingi katika nyumba za maskini wa London. Robert Hunter, mwana sheria. Na Hardwicke Rawnsley, kasisi wa nchi ya maziwa ya kaskazini. Mwaka ule ule walipewa kipande cha mlima huko Wales, kiitwacho Dinas Oleu. Hiyo ndiyo ardhi yao ya kwanza. Lakini nyumba walikuwa hawana bado. Beynon akawaendea, na mwaka 1896 wakaununua ule mzigo wa mbao na udongo kwa pauni 10. Ndiyo nyumba ya kwanza ya chama hicho, ambacho sasa kina majumba makubwa mamia.

Pauni kumi ni kiasi gani? Wakati ule mfanya kazi wa shamba kusini ya Uingereza alipata shilingi 15 kwa juma, na wengi walipata pungufu. Basi bei ya nyumba yote ilikuwa kama ujira wake wa miezi mitatu na kitu. Gharama ya kuitengeneza ilizidi bei hiyo mara nyingi, na fedha zake zilipatikana kwa taabu, kwa kuombwa watu mmoja mmoja.

Mwaka 1907 ilitungwa sheria iliyokipa chama hicho uwezo wa kutangaza mali yake kuwa haiwezi kuuzwa tena wala kutolewa. Waandishi wa Kiingereza husimulia sheria hiyo kama uvumbuzi mkubwa. Lakini mtu wa Mombasa, au Lamu, au Unguja, akisimuliwa, atajibu kwa neno moja: wakfu. Kwa maana watu wa pwani tangu zamani wamejua ya kuwa kiko kitu ambacho mwenyewe aweza kukiondoa sokoni milele, kisirithiwe wala kisiuzwe, manufaa yake yakawaendea watu. Tofauti ni kwamba wakfu hutolewa na mwenye mali, na hapa waliotoa walikuwa watu wengi wasio na mali ile, waliochanga ili kuinunua kwanza.

NYUMBA ILIYOHAMISHWA

Ili kupima jambo hili, na tutazame nyumba nyingine. Katika nchi ya Gloucestershire, katika kijiji cha Chedworth, ilikuwako nyumba ya mawe ya karne ya 17, nzuri, yenye paa la mawe. Henry Ford, yule tajiri wa magari wa Marekani, aliinunua, na mwaka 1930 ikabomolewa kwa uangalifu, jiwe baada ya jiwe, ikasafirishwa kuvuka bahari mpaka Dearborn katika jimbo la Michigan. Huko ikasimamishwa tena katika kijiji chake cha maonyesho kiitwacho Greenfield Village, nayo ingali huko, imetunzwa vizuri kuliko nyumba nyingi zilizobaki kwao.

Hatuwezi kusema ya kuwa Ford aliiharibu. Hapana jiwe lililopotea kwa uzembe. Lakini mawe yale ya rangi ya asali yalichimbwa katika ardhi ile ile iliyoyabeba. Na njia, na kisima, na jirani wa mlango wa pili, na jina ambalo watu waliita ule mteremko wa nyuma ya nyumba, hivyo vyote havikutiwa katika magunia. Nyumba ilifika, kijiji hakikufika. Ni kama neno lililotolewa katika methali na kuandikwa peke yake: herufi zote zipo, ila aliyezaliwa na methali hiyo ndiye ajuaye kilichokosekana.

Basi hapo msomaji atasema, "Alfriston walifanya vema, maana nyumba ilibaki mahali pake." Ni kweli, walifanya vema. Hata hivyo, yapasa kusema kweli yote. Nyumba ya Makasisi ipo, imeezekwa, imepakwa chokaa, na wageni huja wakalipa kiingilio, wakaitazama sakafu ya chaki na maziwa. Lakini hapana mtu akokaye moto humo kwa ajili ya chakula chake. Na kando yake kijiji kimegeuka. Katika vijiji vingi vizuri vya Uingereza leo, nyumba ndogo zilizojengwa kwa wachungaji na wakulima huuzwa kwa bei ambayo mfanya kazi hawezi kuifikia hata akichuma maisha yake yote. Wanunuzi ni watu wa mijini wenye fedha, na wengine huja siku za mapumziko tu. Paa la mabua limekuwa la kifahari, nalo zamani lilikuwa alama ya umaskini. Duka hufungwa, kisha posta, kisha shule. Tangu mwaka 2010 vilima vyenyewe vimekuwa hifadhi ya taifa, na kwa haki. Ila maneno ya matope aliyoyaandika Parish wengi huyasoma sasa katika kitabu, maana njia zimetiwa lami.

Basi yako mauti matatu ya nyumba ya kale. Ya kwanza ni kubomolewa. Ya pili ni kuhamishwa. Ya tatu ni kuhifadhiwa pasipo watu wake, nayo ni ngumu kuitambua, kwa kuwa kwa nje yafanana na uzima.

MANENO YA MWISHO

Je, habari hizi zina faida gani kwetu? Hatutaki kusema ya kuwa kila nyumba ya udongo ihifadhiwe. Nyumba ya fito na makuti haikukusudiwa kuishi miaka mia sita. Ilikusudiwa kujengwa tena, na katika kujengwa tena ndimo ujuzi ulimorithiwa. Baba alimwita mwanawe ashike kamba, na mtoto akajifunza majina ya miti kwa kuishika. Siku hizi bati limekuja, nalo ni jema, halivuji wala halishiki moto upesi, na asiyelitaka ni yule asiyepata kulala chini ya paa bovu wakati wa masika. Lakini pamoja na bati hutoka kombamoyo, na pao, na mtambaapanya, na maneno ya kusukia na kukandikia, na nyimbo za kupondea sakafu. Mwalimu na awaulize wanafunzi wake maana ya maneno hayo, ataona ni wangapi watakaojibu.

Kazi iliyo mbele yetu ni ndogo, nayo ina haraka. Haihitaji chama wala pauni kumi. Yahitaji daftari, na saa moja ya jioni, na unyenyekevu wa kuketi chini kwenye mkeka wa mtu asiyejua kusoma na kumwambia, "Bibi, nifundishe. Hiki chaitwaje?" Kisha kuandika jinsi alivyosema yeye, tusigeuze kwa namna tunavyoona sisi ingefaa.

Katika vitabu, sifa za kuiokoa nyumba ya Alfriston wamepewa kasisi aliyeandika barua, na wale watatu walioanzisha chama. Wamestahili. Lakini mwaka 1885 chama kilikuwa hakijazaliwa, na kasisi yule alikuwa hajafika. Kama nyumba ingebomolewa mwaka ule, barua za Beynon zingekuwa juu ya rundo la takataka. Aliyeisimamisha miaka mitatu iliyohitajiwa alikuwa mpangaji mzee, asiye na cheo wala elimu, aliyesema tu ya kuwa hapa ndipo kwake. Wenye elimu walikuja baada yake, wakakuta kitu cha kuokoa.